Naomba ushauri: nimelea vijana wawili katika huduma, nimkabidhi yupi?

Mlezi Mkimya: Wakuu, Bwana asifiwe. Mimi ni mchungaji, nakaribia kustaafu. Baraza la wazee linataka jina moja la atakayeshika nafasi yangu, nami nimelea vijana wawili. Wa kwanza yuko nami mwaka wa 9. Kila Jumamosi huniletea mahubiri yake kwenye ukurasa mmoja, nami nayakata kwa kalamu nyekundu mpaka zinabaki sentensi tatu. Siku yake ya kwanza mimbarini alihubiri mkono wa kulia kaubana ubavuni, maana koti la kuazima lilikuwa limefumuka kwapani. Watu wakadhani ni upako. Wa pili ana miaka 2 tu, ila ana karama na anapendwa. Usingizi sipati. Nifanyeje?

Shemasi wa Zamu: 2 Timotheo 2:2. Paulo anamwambia Timotheo aliyoyasikia awakabidhi watu waaminifu, watakaofaa kuwafundisha na wengine. Uaminifu ndio umetajwa hapo, kupendwa hakumo.

Besi ya Pili: Mimi nilibeba begi la mchungaji miaka 6 nikiambiwa nalelewa kuwa kiongozi. Nilichojua vizuri ni uzito wa begi. Siku ya kusimikwa likaitwa jina la mwingine, na viti nilikuwa nimepanga mimi. Sasa niko kwaya, nina amani yangu.

Mpita Njia: Kwani kanisa ni shamba la ukoo mpaka mrithishane? Wapigiwe kura.

Mama Ibada: Mchungaji, shikamoo. Huyo wa pili ni nani kwako?

Mlezi Mkimya: Ni mshirika mzuri tu.

Mama Ibada: Ushirika wake sijauuliza. Kwako ni nani?

Mlezi Mkimya: Haya. Kamposa binti yangu. Lakini hilo halihusiani kabisa na huduma! Na barua yenye jina lake imeshaandikwa, bado kukabidhiwa tu. Halafu huyo wa kwanza ana doa: aliwahi kuacha safari ya injili katikati akarudi nyumbani. Ingawa mama yake alikuwa hoi.

Shemasi wa Zamu: Hata Marko aliwaacha akina Paulo kule Pamfilia akarudi Yerusalemu. Baadaye Paulo akakataa kwenda naye tena, wakagombana na Barnaba mpaka wakaachana. Barnaba ndiye aliyemchukua Marko. Na Paulo huyohuyo, mwishoni, anaagiza aletewe Marko, "maana anifaa kwa utumishi". Wewe umeishia Matendo 15. Na 1 Timotheo 5:22 inasema usimwekee mtu mikono kwa haraka, hata akiwa mkwe.

Besi ya Pili: Alikuja kuposa au kupiga kampeni?

Jicho Pembeni: Wakuu, mnakunywa chai hapa. Mleta mada, mkono kubanwa uliuona, sawa. Koti kuwa la kuazima na kufumuka kwapani ulijuaje?

Mlezi Mkimya: Aliniambia mwenyewe.

Jicho Pembeni: Basi tutajie kitu kimoja alichowahi kufanya huyo mkwe wako. Kimoja tu. Wa kwanza tunamjua mpaka mshono na ugonjwa wa mama yake, wa pili hana hata sura. Wewe si mchungaji. Wewe ndiye mwenye koti.

Shemasi wa Zamu: Yaani nimemfundisha Matendo mtu asiyekuwepo? Mods, fungeni uzi.

Mpita Njia: Nilisema mapema, kura.

Mama Ibada: Tulieni kwanza. Mwanangu, kama ndiwe, hiyo barua uliionea wapi?

Mlezi Mkimya: Ilikuwa mezani kwake, kaiwekea kalamu nyekundu juu. Nilikuwa nimepeleka ukurasa wangu wa Jumamosi.

Besi ya Pili: Na ukurasa ukamwachia, dogo?

Mlezi Mkimya: Nilimwachia.