Fotomaltiplaya inahesabu mwanga hata bila bakteria

Swali
Wakuu, tuko Dar, tunatumia fotomaltiplaya (kifaa kinachohesabu chembe za mwanga) kupima mwanga hafifu wa bakteria E. coli waliopewa haidrojeni peroksaidi, milimola 1. Ajabu, sahani yenye LB tupu (mchuzi wa kuoteshea bakteria) nayo inaanza na hesabu kubwa, kisha inashuka taratibu. Chumba kina nyuzi 30. Tuanzie wapi?

Jibu
Anzia kwenye sahani, mkuu. Plastiki ikipigwa na taa ya chumba hutunza nishati na kuiachia polepole gizani. Ndiyo huo mshuko. Tumia kioo cha kwatsi, andaa sampuli chini ya taa nyekundu hafifu, iache kwenye boksi la giza dakika 15 hadi 30 ndipo ufungue shata, yaani kizuizi cha mwanga mbele ya fotomaltiplaya.

Jibu
LB pia ina flavini, molekuli za manjano zinazoweza kung'aa zenyewe baada ya kupigwa na taa, kutoka kwenye dondoo la hamira. Zungusha bakteria kwenye sentrifuji, mwaga mchuzi, waoshe mara mbili kwa bafa ya fosfeti (maji ya chumvi yanayotuliza kiwango cha asidi). Pima bafa tupu, bafa na peroksaidi, bakteria bila peroksaidi, halafu bakteria na peroksaidi. Bila hivyo namba zako hazisemi chochote! Anza kurekodi kabla ya kudunga peroksaidi, maana bakteria wakiwa wengi kimeng'enya chao cha katalasi humaliza peroksaidi upesi.

Jibu
Na joto: nyuzi 30 hurusha elektroni zenyewe kutoka kwenye fotokathodi (sehemu ya fotomaltiplaya inayopokea mwanga), nazo huhesabiwa kama mwanga. Ipoze hadi karibu -20, ila kwa unyevu wa Dar dirisha la fotomaltiplaya litashika ukungu. Pitisha nitrojeni kavu mbele yake.

Muuliza swali
Asanteni sana. Kwatsi ipo, naanza na bafa tupu.