Naomba ushauri: tiketi zimeangukia jukwaa la wapinzani

Wakuu, habari zenu. Tuna tiketi mbili za mechi ya timu ya taifa, ila ziko jukwaa la wageni, nyuma ya goli. Zina majina, geti, safu na namba ya kiti, kwa hiyo kubadilishana na mtu haiwezekani. Nimeomba kuhamishwa, nikaambiwa nisubiri kama zipo zitakazorudishwa.

Masharti yanasema ukivaa rangi za timu nyingine jukwaa lile unaweza kuzuiwa getini au kutolewa, hata kama hujagombana na mtu. Jezi na skafu zinabaki nyumbani, hilo limeisha. Kinachonitisha ni goli letu: mwili unaruka kabla akili haijakumbuka ulipo! Na nyuma ya goli watu husimama muda wote, ukikaa wewe tu unaonekana.

Waliowahi kukaa hivyo, naomba mnisaidie mawili. Je, niwaambie walinzi wa jukwaani mapema ili watuhamishe, au ndiyo nimejichongea watutoe kabisa? Pili, wageni mara nyingi huzuiwa ndani hadi wenyeji watawanyike; tutoke dakika ya 85 au tusubiri nao?