Tupeane uzoefu: kumtafutia mtoto mdogo shule mjini

Ndugu wazazi na walezi, naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo linalozinyima usingizi familia nyingi za mjini kila msimu wa uandikishaji unapofika, yaani kumchagulia mtoto mdogo shule na kumpatia nafasi. Naomba kila anayechangia aeleze aliangalia nini na kwa nini, badala ya kututajia jina la shule peke yake, kwa kuwa shule iliyomfaa mwanao huenda isimfae wangu.

Naanza mwenyewe. Binti yetu alizaliwa siku chache kabla ya tarehe inayotumika kugawa madarasa, kwa hiyo angeingia akiwa mdogo kuliko wenzake wote. Kwa mtoto wa miaka 5, kuzidiwa karibu mwaka mzima ni kuzidiwa sehemu kubwa ya umri wake, na pengo hilo huonekana katika kushika penseli, katika kufunga vifungo vya sare, na hata katika kuthubutu kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wadogo wa darasa huwa nyuma katika miaka ya mwanzo, na kwamba pengo hupungua kadiri wanavyokua. Hata mataifa hayakubaliani juu ya umri unaofaa: huko Uingereza, kwa kawaida mtoto wa England huanza shule akiwa na miaka 4, ilhali nchini Ufini darasa la kwanza huanza mwaka anaotimiza miaka 7. Sisi tuliiomba shule imsubiri hadi mwaka uliofuata, wakakubali baada ya mwalimu wa awali kukaa naye na kutupa maoni yake. Ninashukuru kwamba tulisubiri.

Mama wa watoto wawili:
Ndugu mleta mada, kwetu sisi umbali ndio ulioamua, na ninaamini ungepaswa kuamua kwa wengi zaidi. Shule tuliyoipenda kwa matokeo yake ya mitihani ilikuwa upande wa pili wa mji. Tulipopita njia ile asubuhi ya siku ya kazi, saa ambayo kila mtu yuko barabarani, tulielewa kwamba mtoto angeamshwa gizani kila siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Jaribuni kupiga hesabu hiyo kwa mtoto anayepanda basi la shule alfajiri. Ulizeni pia basi linaanzia wapi, kwa sababu mtoto anayechukuliwa wa kwanza huzungushwa mitaa yote kabla ya kufika, hata kama kwao si mbali na shule. Tulichukua shule ya jirani yenye sifa za wastani, na mwanangu anafika darasani akiwa macho.

Baba wa mtoto mmoja:
Mimi nazungumzia usaili. Shule moja ilimwita mwanangu wa miaka 4, ikamtenganisha nasi mlangoni, ikamkalisha mbele ya watu wazima watatu asiowajua na kumtaka asome maneno. Alinyamaza muda wote, nasi tukaambiwa kwamba hayuko tayari. Mtoto huyohuyo, katika shule nyingine, aliachwa acheze na wenzake asubuhi nzima huku mwalimu akimtazama kwa utulivu na kuandika. Mwalimu yule alitueleza mambo kuhusu mtoto wetu ambayo hata sisi hatukuwa tumeyatambua. Usaili unaomtaka mtoto aje akiwa ameshajua anachopelekwa kujifunza haupimi uwezo wake, na nasikitika kwamba wazazi wengi hulipia masomo ya ziada ili kuwaandaa watoto wachanga kwa jambo hilo.

Mlezi wa mjukuu:
Hakikisheni jina limeandikwa sawasawa kwenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na fomu ya maombi. Herufi moja ikitofautiana, ofisi hurudisha fomu na nafasi huchukuliwa na mwingine.

Mama wa mapacha:
Nawashauri msitosheke na siku ya maonyesho, ambapo kuta zimepambwa na watoto wamepangwa. Ombeni kutembelea siku ya kawaida, hasa karibu na mapumziko. Mimi huangalia kama bomba za kunawia ziko kwenye kimo cha mtoto, kama milango ya vyoo inafungika, na mwalimu anafanya nini mtoto anapomwaga uji. Katika shule tuliyoichagua, mwalimu aliinama hadi usawa wa macho ya mtoto, akampa kitambaa, wakafuta pamoja, na somo likaendelea. Ulizeni pia lugha ya kufundishia. UNESCO ilipendekeza tangu mwaka 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha yake ya kwanza, lakini mjini wengi wetu tunavutiwa zaidi na lugha ya kigeni kuliko kujiuliza kama mtoto anaelewa anachoambiwa. Kuhusu ada, dai orodha kamili ya malipo kwa maandishi, pamoja na sare, vitabu, chakula na usafiri, ndipo ulinganishe shule na shule.

Baba wa watoto watatu:
Kwa waliokosa nafasi, msiondoe majina yenu kwenye orodha ya kusubiri. Familia za mjini huhamahama, na nafasi hupatikana hata baada ya muhula kuanza. Binti yangu wa mwisho aliitwa wiki ya pili ya masomo, kwa sababu mke wangu alikuwa akipiga simu ofisini mara kwa mara, kwa adabu, na karani alikuwa ameshalijua jina la mtoto.