Mjadala: Mita 400 za watu wazima Mtwara na Lindi, tudai bwawa au kamba na maboya yanatosha?

Mleta mada
Wadau wa kusini, habari za jioni. Watu wazima wa huku, wa miaka 25 na kuendelea, wanaotaka kushindana mita 400 mtindo huru bwawani, wanaweza kujiandaa baharini tu? Wapo wanaosema halmashauri zitenge fedha za bwawa la umma la mita 25. Wapo wanaosema bahari tunayo, tufunge maboya tuogelee. Mimi nasema bwawa lisubiri. Kwa mtu mzima wa kawaida mita 400 ni kazi ya dakika sita hadi tisa, na zaidi ya robo tatu ya kazi hiyo inaendeshwa na pumzi. Pumzi inajengwa popote penye maji. Karibuni, ila njooni na namba, matusi mwayaache nyumbani.

Bi Shangani
Pumzi sawa, mkuu. Lakini wengi mita 400 inawashinda kwenye mia ya kwanza, kabla pumzi haijaulizwa. Ukiongeza kasi, ukinzani wa maji unapanda kwa kipeo cha pili na nguvu unayotoa inapanda kwa kipeo cha tatu. Kwenda haraka kwa asilimia 5 zaidi kunakugharimu nguvu karibu asilimia 16 zaidi. Deni hilo unalilipa kuanzia mita ya 200, mabega yanapoanza kuungua.

Mtu wa dakika 8 kamili agawe hivi: 1:57, 2:01, 2:02, 2:00. Mia ya kwanza ni fupi kwa sababu ya kuruka kutoka jukwaani, basi. Anayefungua kwa 1:48 utamjua bila saa: mapigo yake ya mikono yalikuwa 20 kwa mita 25, kwenye mia ya tatu yamefika 25 na mwendo umeshuka. Anapiga maji tu, hayashiki.

Sasa baharini utajuaje kama umefungua kwa 1:57 au 1:48? Huna ukuta, huna saa mbele yako. Rekodi ya dunia ya wanaume ilikaa kwa Paul Biedermann tangu 2009, 3:40.07, mpaka Lukas Märtens alipoogelea 3:39.96 Aprili 2025. Karibu miaka 16 kwa sehemu 11 za mia moja ya sekunde. Nyie mnataka kupima kwa maboya ya madumu.

Kipimamaji, Lindi
Dada, hapa hakuna anayemtafuta Märtens. Na madumu yakifungwa vizuri yanapima. Kosa la wengi ni kufunga dumu la lita 20 kwenye nanga kwa kamba ndefu na kuondoka. Tuseme kina ni mita 2 maji yakipwa, na bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, linaongeza zaidi ya mita 3. Kamba lazima iwe kama mita 5 na nusu. Maji yakipwa, kamba hiyo imelegea na dumu linazurura hadi mita 5 kutoka juu ya nanga. Pande zote mbili zikizurura, mita 50 yako haina maana tena.

Dawa yake: kamba ya nanga ipite kwenye mkono wa dumu bila kufungwa, na ncha ya pili ining'inize jiwe la kilo tatu hivi. Maji yakipanda jiwe linapanda, yakishuka linashuka, kamba inabaki imenyooka. Nanga iwe zege, mfuko wa mchanga unachanika. Kati ya madumu pitisha kamba ya plastiki inayoelea. Nailoni ikilowa inavutika. Pima kwa futi kamba ya mita 50 siku ya maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, ufunge chupa yenye rangi kila mita 10.

Saa? Mtu akae kwenye ngalawa, agonge nondo mbili ndani ya maji kila sekunde 12. Filimbi muogeleaji haisikii vizuri, chuma ndani ya maji anakisikia. Kila mlio awe kwenye chupa. Hiyo ni dakika mbili kwa mia, anaisikia kwenye fuvu.

Bi Shangani
Nondo nimeipenda, sikatai. Ila umesahau mkondo. Muogeleaji wa dakika mbili kwa mia anakwenda sentimita 83 kwa sekunde. Mkondo mdogo wa sentimita 10 tu, mita 50 za kwenda nao atatumia sekunde 53.6, za kurudi 68.2. Jumla 121.8. Watu wanadhani kwenda na kurudi kunafutana. Hakufutani, kwa sababu muda mwingi unaupoteza ukiwa unapingana na maji. Kwa mita 400 umeongeza sekunde 7 ambazo si zako. Tena kila hamsini unajifunza mwendo tofauti, kinyume kabisa na tunachotaka.

Nahodha Mstaafu
Laza kamba ikate mkondo, usiifuate. Hasara inashuka chini ya sekunde moja kwa mia. Na ogelea maji yakiwa yamesimama, nusu saa kabla ya kujaa kabisa na nusu saa baada. Saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kujaa au kupwa ndipo yanapokimbia.

Shida iko kwenye kalenda, wanangu. Siku za bamvua maji yanajaa alasiri mnamo saa kumi, mtu akitoka kazini anayakuta. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Wiki ya maji mafu saa kumi hiyohiyo yamekupwa, kujaa ni saa nne, asubuhi au usiku. Kwa hiyo mwenye ajira ana jioni nzuri wiki moja, ya pili hana. Asiyeliona hilo atalaumu pumzi yake bure.

Mleta mada
Shikamoo mzee. Basi wiki ya bamvua iwe ya kasi, wiki ya maji mafu iwe ya masafa, asubuhi za Jumamosi na Jumapili. Mbona inapangika?

Nahodha Mstaafu
Marahaba. Inapangika mpaka upepo wa kusi uanze.

Fundi Pampu
Wanaodai bwawa nao waseme gharama. Mita 25 kwa 12.5, kina cha wastani mita 1.5, ni lita 469,000 hivi. Maji yote yapite kwenye chujio kila saa sita, pampu za mita za ujazo 78 kwa saa. Klorini ya unga ya asilimia 65, ukitia miligramu 2 kwa lita, ni kilo moja na nusu kasoro kidogo kila siku. Jua likinyonya milimita 5 kwa siku, lita 1,500 zimepaa, bado za kuoshea chujio. Kiangazi, mtaa unagombania maji ya bomba, bwawa lijazwe kwanza? Umeme ukikatika siku mbili tatu kwa joto letu, maji yanakuwa kijani. Kujenga ni rahisi. Kulitunza mwaka wa tatu ndiko kazi ilipo, na halmashauri inapenda kukata utepe kuliko kununua klorini.

Mwogo
Hapo mwisho umemaliza 😂

Kocha wa Jioni
Mnabishana mmeacha jambo kubwa: ukuta. Bwawa la mita 25, mita 400 ina migeuko 15. Kila mgeuko ukisukuma vizuri unapata mita nne au tano za bure na mikono inapumua. Aliyejifunza baharini anafika ukutani kama gari lisilo na breki: anashika, anasimama, anavuta pumzi tatu, anaanza upya. Sekunde moja tu kila ukuta ni sekunde 15. Yeye atasema kasi imemwishia.

La pili, chumvi inakubeba. Miguu inaelea yenyewe baharini, na ile tabia ya kuinua kichwa kutafuta boya haikuumizi sana. Maji ya bwawa yasiyo na chumvi hayana huruma, ukiinua kichwa nyonga inazama na unavuta mzigo mita 400 nzima.

Pumzi na mwendo vijengeni baharini, siku tatu kwa wiki, mita 2,000 hadi 2,500 kila siku. Kwanza pima: ogelea mita 400 kwa nguvu zote, siku nyingine mita 200. Mwenye 8:00 na 3:50, toa muda wa 200 kwenye wa 400, zinabaki sekunde 250, gawa kwa mbili: 2:05 kwa mia. Huo ndio mwendo wa seti ndefu, mia 12 kwa mapumziko ya sekunde 15. Siku ya pili, hamsini 16 kwa sekunde 60 kila moja, pumzika 20. Ukikosa mbili mfululizo, acha, usisukumane na mlio. Siku ya tatu laini. Zaidi ya miaka 40, siku mbili ngumu zitengane kwa saa 48, bega la mtu mzima halisahau. Mwezi Machi bahari ni ya uvuguvugu, unatoka jasho bila kulijua, chupa ya maji iwe kwenye ngalawa. Konyeza, wale viumbe wa baharini wanaowasha, wakiwa wengi, ahirisha.

Mwogo
Yaani mzee wa miaka 55 ajifunze kupinduka kichwa chini?

Kocha wa Jioni
Si lazima. Mtindo huru unaruhusu kugusa kwa mkono na kugeuka, na kanuni za mashindano ya wakongwe zinaruhusu kuanzia ndani ya maji. Ila hata kugusa na kusukuma kunataka ukuta wa kufanyia mazoezi. Msiwapeleke watu kwenye kuta za gati, chaza wanakata na boti haziwaoni.

Mleta mada
Nimekubali ukuta. Basi tudai kitu kidogo: tangi la zege la mita 10 kwa 3, kina mita 1.3. Kugeuka tu. Mwendo ubaki kwenye kamba.

Bi Shangani
Na mashindano yenyewe? Bahari inatulia majira ya maleleji, Oktoba na Novemba, wakati nusu ya watu wako kwenye minada ya korosho. Bwawa halingoji upepo. Tangi nitalipigia kura, lakini msilitumie kuua hoja ya bwawa.

Fundi Pampu
Mita 10 kwa 3 kwa 1.3 ni lita 39,000, maboza manne ya lita elfu kumi. Klorini gramu 120 kwa siku, na umeme ukikatika mtu anaikoroga kwa mti. Hilo hata mwaka wa tatu nitalikuta bado ni jeupe.