Naomba ushauri: fundi wa mawe na bamba la kaunta ya jikoni

Habari zenu wakuu. Makabati ya jikoni yameshafungwa, sasa nataka kuweka kaunta ya jiwe na nimekwama kati ya mafundi wawili. Wa kwanza anasema nichague kwa kipande cha sampuli tu. Wa pili anataka niende mwenyewe nilione bamba zima, kisha achore juu yake sehemu za kukata nikiwa nashuhudia. Huyu ni ghali zaidi, lakini moyo wangu uko kwake, maana sampuli ya ukubwa wa kiganja haionyeshi mishipa ya jiwe inavyokwenda.

Marumaru halisi naipenda sana, ila ndimu na siki huiachia madoa yasiyong'aa, na hapa tunapika kila siku. Nimeelekea graniti. Je, unene wa sentimita 2 unatosha pale kaunta inapochomoza sentimita 30 bila kitu cha kuishikilia chini, au nichukue ya 3?

Linaloninyima usingizi ni kiungo, yaani pale vipande viwili vya jiwe vinapokutana. Fundi mmoja anataka kuunganisha usawa wa sinki, mahali ambapo jiwe limebaki jembamba na maji hayakauki. Ninyi mliunganisha wapi? Na mlikubaliana nini kwa maandishi kabla ya kulipa malipo ya awali?