Ada ya ICA, vyama vya bure au akiba ya wakili? Naomba mawazo yenu wakuu

MzeeWaVikoa (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za kazi. Nanunua na kuuza domeni, yaani majina ya tovuti, tangu 2014. Kwa sasa ninazo 85: 60 ni .com, zilizobaki ni .co.tz. Mwaka huu nimeshatenga hela ya kulipia upya, na kuna kiasi kimebaki ambacho sijui nikipeleke wapi.

Njia ya kwanza ni kujiunga na ICA, yaani Internet Commerce Association, chama cha wawekezaji wa domeni kilichoanzishwa 2006, makao yake Washington. Ada yao inakwenda kwa ngazi: mtu binafsi analipa kidogo, kampuni kubwa zinalipa zaidi. Njia ya pili ni kubaki kwenye vyama visivyo na ada. Internet Society ina tawi hapa kwetu na Kenya pia, na mtu binafsi anaingia bure. Ya tatu ni kutolipa popote, hela ikae pembeni kama akiba ya wakili siku nikiburuzwa kwenye kesi ya jina.

Jana mke wangu aliniuliza, "Ukishalipa hiyo ada, utashika nini mkononi?" Nilikosa jibu la kunyooka. Naomba kusikia waliolipa na waliokataa kulipa. Nawasilisha.

Kisauni_Majina (Mombasa)

Mzee, piga hesabu kwanza. Bei ya jumla ya .com ilikaa dola 7.85 kuanzia 2012 hadi 2021. Verisign, kampuni inayoendesha .com, walipopata ruhusa ya kupandisha, wakapandisha Septemba nne mfululizo, na Septemba 2024 ikafika dola 10.26. Hiyo ni nyongeza ya dola 2.41 kwa kila jina. Kwa .com zako 60 ni dola 144.60 kila mwaka, na msajili wako, yaani kampuni unayolipia majina, bado hajaweka faida yake. Hizo unazilipa uwe mwanachama wa chama chochote au usiwe.

Shemeji ameuliza vizuri. Mkononi hushiki kitu. Unachonunua ni mtu wa kusema kwa niaba yako ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, na mbele ya serikali ya Marekani, kwa sababu mkataba wa .com unaamuliwa huko. Je, wanashinda? Si mara zote, na bei ya .com imepanda wakiwa wanapinga. Lakini mnakumbuka .org? Mwaka 2019 ICANN waliondoa kikomo cha asilimia 10 cha kupandisha bei kwa mwaka, ingawa maelfu ya watu waliandika kupinga. Miezi michache baadaye ikatangazwa kwamba shirika linaloendesha .org linauzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Ethos Capital kwa dola bilioni 1.135. ICA walikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kwenye yote mawili. Tarehe 30 Aprili 2020 bodi ya ICANN ikakataa mauzo yale. Sisemi ni ICA peke yao. Mashirika ya hisani yalisimama kidete, na mwanasheria mkuu wa California aliandika barua nzito. Ninachosema ni kwamba mlangoni lazima kuwe na watu, na watu hao wanakula na wanapanga nyumba.

Mimi nalipa, mwaka wa nne huu.

FundiWaMajina (Mwanza)

Mkuu Kisauni, nakuheshimu, ila hapo sikubaliani nawe. Mtaani kwetu tuna chama cha kuzikana. Nachanga kila mwezi, na mama yangu alipofariki walikuja na turubai, masufuria, mchele na watu wa kulala msibani siku tatu. Mchango ule niliuona kwa macho. Ukishtakiwa, ICA hawakulipii wakili. Utakaa na kesi yako mwenyewe.

Mtu mwenye domeni 60 anauza ngapi kwa mwaka? Mimi ninazo zaidi ya hizo na mwaka jana niliuza mbili. Kukutana na wanachama wenzako ni faida kubwa kwa anayeishi Marekani au Ulaya. Kwangu mimi nauli peke yake inakula faida ya jina zima. Ndiyo maana nimechagua akiba. Kila nikiuza, asilimia kumi naiweka kwenye akaunti nisiyoigusa.

BintiUnguja

Nimewahi kushtakiwa, kwa hiyo naomba nieleze taratibu.

Nina .com moja, neno la kawaida la Kiswahili, jina la chombo cha jikoni. Nililisajili 2011. Ijumaa moja saa kumi jioni, naanua nguo, simu ikalia: barua pepe kutoka WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani. Kampuni moja ya Ulaya ilikuwa imefungua shauri la UDRP, utaratibu wa kuamua migogoro ya domeni bila kwenda mahakamani, kulidai jina langu. Mikono ilinitetemeka, nikaziacha nguo kambani mpaka usiku.

Kwa jina moja hadi matano, mlalamikaji analipa WIPO dola 1,500 akitaka mwamuzi mmoja. Mlalamikiwa akidai jopo la watatu, ada inakuwa dola 4,000 na nusu inamwangukia yeye. Kwa hiyo kaka Fundi, akiba yako iwe na dola 2,000 za jopo kabla hata hujamfikiria wakili. Mimi sikuwa nazo. Unapewa siku 20 za kujibu, na kanuni zinakuruhusu kuomba 4 za nyongeza. Niliziomba. Usipojibu, wanaamua hivyo hivyo bila wewe.

Kilichoniokoa ni muhtasari wa maamuzi ya UDRP ambao ICA wanautoa kila wiki. Unasomwa na yeyote, hata asiye mwanachama. Nilisoma ya nyuma usiku mzima mpaka nikaelewa kwamba mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu: jina linafanana na alama yake ya biashara, mimi sina haki nalo, na nililisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Yote matatu, likikosekana moja shauri linaanguka. Alama yao ilisajiliwa miaka mitatu baada ya jina langu. Ningewezaje kuwa na nia mbaya juu ya alama ambayo haikuwepo? Nikaambatisha risiti ya 2011, nikaupiga picha ukurasa wa kamusi wenye lile neno, nikaandika kurasa sita kwa Kiingereza changu cha shule. Nilishinda.

Mwaka uliofuata nikajiunga ICA ngazi ya chini kabisa. Nilikuwa nimekula kwenye sinia nisilochangia, na moyo haukutulia.

FundiWaMajina

Dada, pole na hongera. Hiyo ya kamusi sikuwahi kuifikiria. Kuhusu ada bado nipo palepale, ila muhtasari nauanza leo.

KGL_Hill (Kigali)

Naongeza mawili. Vyama vya bure ni vyema lakini kila kimoja kina kazi yake. Internet Society wanahangaika na intaneti kufika kwa watu na kubaki salama. Hawamsemei anayenunua majina ayauze. Kuna anayefikiria kuingilia NCUC, moja ya makundi ndani ya ICANN, kwa sababu haina ada: ile ni ya wasiofanya biashara, utakuwa umekosea mlango. ICA wenyewe wamo kwenye kundi la wafanyabiashara. Kinachobaki bure kweli ni kutoa maoni ICANN wanapoyaomba hadharani, na kuhudhuria mikutano yao. Mkutano wao wa ICANN80 ulipofanyika hapa Kigali, Juni 2024, niliingia bila kulipa kiingilio na nikasimama foleni ya kipaza sauti pamoja na mawakili wa kampuni kubwa. Dakika zangu mbili zilikuwa sawa na zao.

La pili, Mzee: .co.tz zako 25 zitoe kwenye hesabu hii. Kanuni zake zinatoka huko huko Tanzania, na ukiwa na shida nazo ICA si mlango wa kugonga. Tena pitia zile 60. Wanachama wa ICA wanafungwa na kanuni za maadili, na jina lililobeba alama ya mtu mwingine hakuna chama kitakachokutetea nalo.

MzeeWaVikoa

Asanteni sana. Leo nimekaa na daftari tangu alfajiri. Nimepata .com 14 ambazo tangu nizinunue hakuna aliyewahi kuuliza bei. Mbili kati ya hizo, nikiwa mkweli, zimekaa karibu mno na jina la kampuni ya simu. Zote naziacha ziishe muda. Kwa bei ya jumla ni dola 143.64, karibu sawasawa na ile nyongeza aliyoipiga hesabu Kisauni. Hiyo naielekeza kwenye ada ya ICA, nijazie inayopungua, nijaribu mwaka mmoja. Akiba ya Fundi nayo naianza kwenye mauzo yajayo. Mambo ya .co.tz nitayapeleka kwenye tawi la Internet Society hapa kwetu.

Mke wangu nimemsomea habari ya BintiUnguja. Ameuliza kamusi yetu iko wapi.

BintiUnguja, kama si usumbufu, nitumie namna ulivyopanga vile viambatisho. Nina majina manne ya Kiswahili ambayo risiti zake sijui nilizihifadhi wapi.