Hasara ya nyumba kutokana na kimbunga Beryl: je, inapunguza kodi kwa mtu anayechukua makato ya kawaida?

Mkazi wa Houston

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na familia yangu tunaishi Houston, Texas, katika nyumba tuliyoinunua mwaka 2019 kwa dola 215,000. Kimbunga Beryl kilipopita tarehe 8 Julai 2024, mti wa uani uliangukia paa, na maji ya mvua yakapenya darini yakaharibu chumba kimoja cha kulala pamoja na korido. Mkandarasi alitutoza dola 23,100. Hata hivyo, ndani ya hesabu hiyo mna dola 4,500 za vigae vya sakafu ya jikoni, ambako maji hayakufika kabisa. Tuliona kwamba maadamu mafundi wamekwisha kuingia, ni afadhali tumalizane na yote kwa mara moja. Bima ilitulipa dola 7,900 baada ya kukata sehemu ambayo mkataba unatutaka tuibebe wenyewe, na baada ya kukata uchakavu wa paa. Tulilala hotelini siku tano kwa dola 690, na FEMA, idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia maafa, ilitupa dola 750 za mahitaji ya dharura.

Aliyetujazia ritani (fomu ya kodi ya mapato) ya 2024, ambayo tuliiwasilisha Machi 2025, alisema kwamba hasara hii haina faida kwetu kwa sababu tunachukua makato ya kawaida, yaani kiasi maalumu kinachopunguzwa kwenye mapato kabla ya kodi bila kuorodhesha gharama, tena asilimia 10 ya mapato yetu ya dola 84,000 ingemeza sehemu kubwa yake. Je, alisema kweli, na kama sivyo, tumekwisha chelewa?

Karani Mstaafu

Ndugu yangu, pole kwa yaliyowafika. Huyo aliyekujazia alikueleza kanuni iliyopo, lakini si kanuni inayokuhusu wewe.

Tangu mwaka 2018 hasara ya nyumba ya kuishi hukubaliwa tu ikiwa imetokana na maafa yaliyotangazwa na serikali kuu, na kuanzia mwaka wa kodi 2026 baadhi ya maafa yanayotangazwa na majimbo nayo yameingizwa. Kwa kawaida unatoa dola 100 kwa kila tukio, unatoa tena asilimia 10 ya mapato, na kinachobaki kinamfaa yule tu anayeorodhesha makato yake moja moja. Kwa hesabu hiyo, katika hasara yako ya dola 10,700, ambayo nitaionyesha hapa chini, ungebaki na dola 2,200, ambazo peke yake hazifui dafu mbele ya makato ya kawaida ya dola 29,200 ambayo mume na mke wanaojaza pamoja walipewa kwa mwaka 2024.

Lakini sheria iliyotiwa saini Desemba 2024 iliyapa maafa makubwa yaliyotangazwa na Rais tangu mwaka 2020 utaratibu wake wa pekee, na Beryl kwa Texas imo humo. Katika utaratibu huo unatoa dola 500 badala ya 100, ile asilimia 10 haitumiki, na hasara inayobaki inaongezwa juu ya makato ya kawaida, kwa hiyo hulazimiki kuorodhesha chochote.

Sasa tuhesabu. Vigae vya jikoni vitoke, kwa kuwa gharama ya matengenezo hupima hasara pale tu inaporudisha kilichoharibika bila kuongeza uzuri mpya. Zinabaki dola 18,600. Hoteli nayo haimo, kwa sababu malazi ya muda si hasara ya mali. Zile dola 750 za FEMA hazikupunguzii kitu, kwani zilikuwa za chakula, maji na mfano wa hayo; zingekuwa za kujengea paa, ungezitoa kama unavyotoa za bima. Toa malipo ya bima, unapata dola 10,700. Toa 500, unapata dola 10,200, na makato yako yote yanakuwa dola 39,400. Kwa mapato yenu mko kwenye kiwango cha asilimia 12, hivyo kodi inashuka kwa dola 1,224. Si utajiri, lakini ni haki yenu.

Hamjachelewa. Mnajaza Fomu 4684, ya kuhesabia hasara, na kuandika humo namba ya maafa, DR-4798-TX, kisha mnarekebisha ritani kwa Fomu 1040-X; muda unakwenda hadi katikati ya Aprili 2028. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba Jedwali A, yaani karatasi ya kuorodhesha makato, linaambatishwa hata kama huorodheshi makato, kwa kuwa ndiko hasara inakojumlishwa na makato ya kawaida. Ile njia nyingine ya kuihamishia hasara kwenye ritani ya 2023 ilifungwa tarehe 15 Oktoba 2025.

Mama Asheville

Naongezea upande wa ushahidi, kwa kuwa nyumba yetu ya North Carolina iliharibiwa na kimbunga Helene mwezi Septemba 2024. Kaka, mwombe mkandarasi akuandikie ankara mbili, ya uharibifu peke yake na ya jikoni peke yake, kwa maana ankara moja iliyochanganywa itakuletea maswali. Tafuta pia picha za kabla ya kimbunga. Sisi hatukuwa tumepiga picha ya paa hata siku moja, ila picha za sherehe ya mdogo wangu zilizopigwa uani zilionyesha paa zima nyuma ya wageni.

Nina swali moja. Huo uchakavu uliokatwa na bima, umesoma barua yao vizuri? Mikataba mingi hushikilia fedha hizo kwa muda tu, na huzitoa ukishathibitisha kwamba matengenezo yamekamilika.

Mkazi wa Houston

Dada, nimeitafuta barua na kuisoma upya. Imeandikwa kwamba dola 2,600 zimezuiwa hadi watakapopokea ankara ya mwisho. Hatukuwahi kuipeleka, nasi tulidhani zimekwenda moja kwa moja.

Karani Mstaafu

Basi usijaze 1040-X kwanza. Sehemu ya hasara ambayo bado kuna matumaini ya kweli ya kulipwa na bima haikatwi kwenye kodi, na fedha ambazo bima ingezilipa nawe ukaacha kuzidai si hasara mbele ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Peleka ankara leo hii na uulize kwa maandishi kama muda wa kudai bado upo. Wakilipa, hasara yako inakuwa dola 7,600 na nafuu ya kodi dola 912, lakini mkononi utakuwa na 2,600 za bima, ambazo ni nyingi kuliko punguzo lote la kodi. Wakikataa, barua yao ya kukataa iweke pamoja na risiti, kisha urudi hapa tuangalie ni kiasi gani unaweza kukidai.